Mafunzo ya Ufundi Yanayolipiwa na Serikali: Mwongozo Kamili kwa Kijana wa Dar es Salaam

Tangazo likitoka kwamba serikali inalipia mafunzo ya ufundi kwa vijana, ndani ya siku moja linakuwa limezunguka magrupu ya WhatsApp kuanzia Mbagala hadi Bunju. Watu wanatuma majina, wanasubiri, na baada ya muda kila mtu anashika lake. Wapo wanaochaguliwa kisha wanaacha kabla mafunzo hayajafika nusu. Wapo wanaomaliza, wanapewa cheti, na cheti kinalala kabatini. Na wapo wanaomaliza wakiwa tayari wameshapata mahali pa kufanya kazi. Ningependa wewe unayesoma uwe kwenye kundi hili la mwisho.

Kwa ninavyoona, kinachowatenganisha ni kuelewa mapema jambo moja: fedha ya umma inalipa chuo ili kikufundishe. Nauli yako, chakula chako na mahali pa kufanyia kazi baadaye ni hesabu nyingine, na lazima uipige kabla hujajaza fomu.

Fedha inatoka wapi

Usiruke sehemu hii, maana masharti mengi yanayowakera vijana yanaanzia hapa.

Mfuko wa kwanza ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa TRA kila mwezi, kwa asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa. Julai 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Mfanyakazi hakatwi, mzigo ni wa mwajiri. Sehemu ya fedha hiyo inaendesha VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ndiyo maana ada ya vyuo vya VETA vya serikali imekuwa ndogo mno ukilinganisha na gharama halisi ya karakana, vifaa na walimu: kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kwa hiyo hata asiyechaguliwa kwenye programu yoyote ya "bure", akisoma VETA Chang'ombe anasoma kwa fedha ya umma. Wengi hawalijui hili, wanasubiri tangazo mwaka hadi mwaka huku mlango mwingine uko wazi.

Mfuko wa pili ni bajeti ya serikali, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanza mwaka 2016 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hapa serikali inakubaliana na vyuo, vya VETA na visivyo vya serikali, vipokee vijana wa fani fulani kwa idadi fulani, na yenyewe inalipa ada yao. Vyuo vya Don Bosco vimekuwa miongoni mwa vilivyopokea vijana hao.

Sasa fikiria kwa kichwa cha mkuu wa chuo. Kila kijana aliyeandikishwa analipiwa, na kila shilingi itakaguliwa. Lazima aonyeshe jina, kitambulisho na mahudhurio. Ndiyo maana daftari la kusaini asubuhi halina mchezo, na ndiyo maana jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho cha taifa linaweza kukukwamisha. Pia nafasi hugawanywa kwa fani na kwa chuo. Umeme wa majumbani ukijaa, umejaa, hata kama uashi bado una viti.

Milango iliyopo, na nani aingie upi

Kama hujasoma zaidi ya darasa la saba au kidato cha nne na huna ujuzi wowote, tafuta uanagenzi. Hii ndiyo sehemu kubwa ya programu ya kukuza ujuzi: kijana anasoma chuoni, kisha anapelekwa sehemu ya kazi, kwa kawaida jumla ya miezi 6. Fani ni zile zinazofahamika: umeme wa majumbani, bomba, uashi, useremala, kuchomelea, ushonaji, magari, upishi na huduma za hoteli. Umri unaozingatiwa ni miaka 15 hadi 35, kwa kufuata tafsiri ya kijana katika Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007.

Kama unaweza kukaa chuoni muda mrefu zaidi, nenda VETA kwa kozi ndefu zenye ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chang'ombe, Temeke, ndicho chuo kikubwa cha mkoa. Kipawa kimejikita kwenye TEHAMA na mambo ya elektroniki. Masomo huanza Januari, na maombi pamoja na mtihani wa kujiunga hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Anayekumbuka Januari yenyewe amechelewa.

Mhitimu wa chuo kikuu au wa diploma ambaye kila tangazo la kazi linamdai uzoefu, mlango wake ni utarajali. Anapelekwa kwenye taasisi au kampuni ajifunze kazi kwa miezi kati ya 6 na 12. Jisajili TaESA, huduma ya ajira ya serikali, ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Usichanganye na mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambao unahusu nafasi za kazi serikalini. Ni vitu viwili, na inafaa uwe kwenye vyote viwili.

Halafu kuna mlango ambao naona haki yake haijasemwa vya kutosha: urasimishaji wa ujuzi. Huu ni wa kijana ambaye tayari ni fundi. Amekua Keko anatengeneza makabati, amejifunza kwa mjomba wake, mkono wake unaaminika mtaa mzima, lakini hana karatasi. Zabuni ikija inataka mafundi wenye vyeti, anabaki kuajiriwa kwa siku na mtu mwenye cheti anayejua kazi kidogo kuliko yeye. Kwa urasimishaji, wakufunzi wanampima katika kazi anayoifanya kila siku: wanaangalia anavyopima, anavyounga, anavyotunza zana, wanamuuliza maswali kwa mdomo. Pale anapopungukiwa anapewa mafunzo mafupi, kwa mfano usalama kazini, kusoma mchoro au kuandika makadirio ya gharama. Baada ya hapo anapewa cheti. Kama wewe ni fundi wa aina hii, usijiandikishe uanagenzi ukaanze upya na watu wasiojua kushika randa. Ulizia VETA ya karibu nawe kuhusu urasimishaji.

Wenye ulemavu wana haki ya kuomba programu hizi zote, na Yombo kuna chuo cha ufundi cha serikali kwa ajili yao. Wasichana walioacha shule kwa ujauzito waulizie Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hapa mjini kipo Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Vyuo hivi viliasisiwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima, na baadhi vina mahali pa kuwaachia watoto wakati mama yuko darasani. Uliza kabla ya kujiandikisha kama chuo unachokitaka kinacho.

JKT pia hupokea vijana wa kujitolea na kuwafundisha stadi za kazi, lakini hayo ni maisha ya kambini kwa muda mrefu na yanataka uamuzi wa namna nyingine.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya nauli

Chukua karatasi. Tuseme unakaa Chanika na chuo kiko Chang'ombe, unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hata kama kila moja ni shilingi 600 tu, hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni 52,800 kwa mwezi. Weka wali maharage wa 2,000 mchana, 44,000 nyingine. Jumla 96,800 kwa mwezi, na kwa miezi 6 ni 580,800. Ada umelipiwa, lakini hii hakuna aliyekulipia, isipokuwa tangazo liseme wazi kwamba kuna posho.

Wanaoacha katikati huacha kwa sababu hii kuliko kwa ugumu wa masomo. Aibu inawazuia kusema, wanakosa siku moja, siku mbili, kisha wanafutwa kwenye orodha. Kwa hiyo kaa na wazazi au walezi wako kabla ya kuomba, waonyeshe karatasi, waulize: mama, hii tutaiwezaje? Wapo waliohamia kwa shangazi anayekaa karibu na chuo kwa muda wa mafunzo. Wapo wanaobeba chakula cha nyumbani. Wapo wanaofanya kazi Jumamosi na Jumapili. Njia yoyote inafaa, ilimradi iwe imeamuliwa kabla.

Mzazi unayesoma hapa: kijana akianza mafunzo, kwa miezi hiyo usimtume dukani kuuza saa za chuo ukidhani kukosa siku mbili si kitu. Mahudhurio yake ndiyo nafasi yake.

Hatua ya pili: chagua fani kwa miguu

Usichague fani kwa jina zuri. Tenga siku mbili au tatu utembee mahali fani hiyo inapofanyiwa kazi. Magari na kuchomelea, nenda Gerezani. Samani, Keko. Simu na vifaa vya umeme, Kariakoo. Ushonaji wa viwandani, fika Mabibo kwenye eneo la viwanda vya kuuza nje, uone wafanyakazi wanavyoingia na kutoka zamu.

Fika asubuhi kabla kazi hazijachanganya, au saa za kupumzika mchana. Msalimie mkubwa wa gereji ipasavyo, usianze na shida yako.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeleta gari?"

"Hapana, fundi. Nataka kuomba chuo, umeme wa magari. Nikimaliza, kijana kama mimi unaweza kumchukua?"

Atakachojibu kina thamani kuliko tangazo lolote. Pengine atasema umeme wa magari unamlipa kuliko injini kwa sababu magari ya siku hizi yana kompyuta na vijana wengi wanabahatisha. Pengine atasema vijana wa chuo wanajua majina ya vitu lakini hawajui kutumia kipima umeme. Hapo umeshapata la kwenda kulitafuta chuoni. Muulize pia kama anapokea wanachuo wa mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi. Akikubali, chukua namba yake. Umepata fildi kabla hujapata chuo.

Wasichana, msikubali kusukumwa kwenye ushonaji na upishi kwa sababu tu ndiko wenzenu walikopelekwa. Umeme, bomba, rangi na vigae viko wazi kwenu, na wapo wenye nyumba ambao wangependa fundi mwanamke aingie ndani kwao familia ikiwa peke yake nyumbani. Ushonaji ukiupenda, upende kwa hiari yako.

Hatua ya tatu: weka karatasi sawa

Hii si kazi ya wiki ya tangazo. Matangazo huwa na muda mfupi, na foleni za ofisini hazikusubiri. Anza sasa: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kitambulisho au angalau namba ya NIDA, vyeti vya shule ulivyo navyo, picha ndogo za pasipoti, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako. Kwa barua hiyo, nenda kwanza kwa mjumbe wako, ndipo kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Kwa wapangaji wa Dar hili husumbua, kwa sababu umehama mara kadhaa na mjumbe hakujui. Jitambulishe kwake leo, kabla hujamhitaji.

Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha shule kinasema Mohamed na NIDA inasema Muhammad, tafuta hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, uiweke pamoja na karatasi nyingine. Piga picha kila karatasi, uzihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe. Barua pepe ya mwenye stationari utaipoteza siku akibadilisha kompyuta.

Hatua ya nne: kuomba, na kuwakwepa matapeli

Soma tangazo kwenye chanzo chake: tovuti ya VETA, tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ubao wa chuo chenyewe, au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Manispaa yako, iwe Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam pale Ilala, ina afisa anayeshughulikia vijana. Fika ofisini kwake hata kama hakuna tangazo, acha jina na namba, uliza yaliyopita yalitoka lini. Anayejulikana hupigiwa simu.

Malipo halali ya taasisi za serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa na taasisi yenyewe, na ukilipa unapata risiti. Mtu akikuambia utume kwenye namba yake ya simu ili "akuwekee nafasi", hana nafasi. Programu ambayo serikali inalipia ada haina "ada ya kuharakisha". Inauma kuona mama anauza kuku au kukopa kikoba kumpa tapeli anayesema ana mtu wizarani. Ikikutokea, peleka ujumbe na namba hiyo polisi, na uwajulishe chuo kilichotajwa.

Chuo kisicho cha serikali kikijinadi kwamba kinapokea vijana wa programu, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi. Kama hakijasajiliwa, cheti chake hakitakufikisha popote.

Kwenye usaili au mtihani wa kujiunga, hesabu ni za msingi: kuzidisha, sehemu, asilimia, vipimo. Swali la "kwa nini fani hii" hujibiwa vizuri na aliyekwenda Gerezani au Keko, kwa sababu ana la kusimulia.

Hatua ya tano: ukiwa ndani

Siku ya kwanza uliza maswali manne bila woga. Mafunzo yanaisha tarehe gani? Cheti kinatolewa na nani, na cha ngazi ipi? Fildi unapangiwa au unajitafutia? Ukiumia karakanani au fildi, nani anakutibu? Andika majibu. Mwaka 2017 serikali ilitoa miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na utarajali, kwa hiyo si maswali ya ukorofi. Makubaliano kati ya mwanagenzi, chuo na sehemu ya kazi yanapaswa kuwa kwenye maandishi.

Kinachonigusa zaidi ni daftari la kazi. Vijana wengi huandika "leo nimefanya breki" na kusaini. Daftari la namna hiyo halimsaidii yeyote. Andika hivi: "Toyota Noah, pedi za breki za mbele. Boliti za spana namba 14. Ya kushoto iliganda. Tumeipulizia dawa ya kutu, tukasubiri kabla ya kulazimisha. Tumerudisha pistoni ndani ndipo pedi mpya zikakaa. Kabla ya kurudisha pistoni, angalia kisima cha mafuta ya breki kisifurike." Daftari lenye kurasa 60 za namna hiyo, na saini ya fundi chini ya kila kazi, ni ushahidi ambao mwenye gereji atausoma akiwa amesimama na kukuelewa mara moja.

Fildi ndiyo usaili wako mrefu. Fika kabla ya fundi mkuu. Mwite fundi, usimwite kwa jina hata kama mnalingana umri. Usishike simu kazi ikiwa mkononi. Ukitumwa spea, rudi na chenji na risiti. Ukiharibu, sema papo hapo. Mambo haya hayafundishwi karakanani, lakini ndiyo yanayomfanya mwenye kazi aseme, "Huyu nibakizieni." Upande wa pili, kama wiki zinapita unafagia na kuchota maji tu, mpe taarifa mwalimu wa chuo anayefuatilia fildi. Serikali haikulipii ada ili ukafagie.

Hatua ya sita: wiki za mwisho

Usingoje mahafali. Mwezi mmoja kabla, ongea na mwenye sehemu ya fildi uso kwa uso: "Fundi, mafunzo yanaisha mwezi ujao. Kama kuna nafasi ningependa kubaki, hata kwa kuanzia kazi za kulipwa kwa kazi." Akikataa, omba akuandikie barua ya kuonyesha ulichofanya, na akuelekeze kwa mwenzake. Mafundi wa mji huu wanajuana.

Jisajili TaESA kama hukufanya hivyo. Fuatilia cheti chako mpaka kifike mkononi, maana vyeti huchelewa na chuo hakitakutafuta Mbagala.

Kama mnataka kujiajiri, kumbukeni ule mfuko wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa. Kwa vijana unatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo wanagenzi watano mliosoma pamoja kuchomelea mnaweza kuanza usajili mkiwa bado chuoni, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Andikeni katiba ya kikundi, fungueni akaunti ya benki, na mchague mweka hazina ambaye hamtaogopa kumuuliza. Ombeni fedha ya mashine mnayojua kuitumia na ambayo tayari mna wateja wake. Mashine ya kuchomelea iliyonunuliwa kwa mkopo na kukaa bila umeme wa kutosha kwenye fremu itawadai marejesho vilevile, kwa hiyo kabla ya kusaini, mleteni fundi umeme aangalie kama laini ya fremu hiyo inaibeba.